Maswali na majibu: Kutoka presi ya hatua moja kwenda presi ya mfululizo

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Texas, na kila mwezi hushiriki mashindano ya bastola. Kwa miaka 2 nimekuwa nikijaza upya maganda ya risasi za 9 mm kwa presi ya hatua moja (mashine ya mkono inayofanya kazi moja tu kila uvutapo mpini), lakini raundi 200 hunimalizia jioni mbili nzima. Ninataka kununua presi ya mfululizo. Nichague ipi, na nijihadhari na nini?

JIBU: Ndugu yangu, kwenye presi uliyo nayo kila ganda hupita mkononi mwako mara kadhaa, ilhali kwenye presi ya mfululizo kila uvutapo mpini maganda yote yaliyo kwenye sahani inayoyashika hufanyiwa kazi kwa pamoja, moja likitolewa fataki iliyotumika (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), jingine likitiwa baruti, jingine likipachikwa kichwa (kipande kinachoruka kwenda shabaha), na raundi moja iliyokamilika ikidondoka sandukuni. Faida hiyo ndiyo inayoleta hatari. Hadi sasa umeweza kupanga maganda 50 kwenye ubao na kuona mara moja lipi limezidi baruti. Kwenye mashine mpya kila ganda utaliona kwa muda mfupi sana kabla kichwa hakijalifunika.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya 9 mm yenyewe. Baruti nyingi zinazowaka haraka hazijazi hata nusu ya ganda lake, hivyo kipimo maradufu huingia bila kumwagika, na kinaweza kuipasua bastola mkononi. Ganda lisilo na baruti nalo ni hatari, kwani fataki peke yake hukisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na ukifyatua tena mtutu unaweza kupasuka. Ikiwezekana, chagua baruti ambayo kipimo maradufu kitafurika.

Kwa hiyo ningekushauri presi ya mfululizo ya kampuni ya Dillon, XL 750, badala ya RL 550 yao. Hiyo ya pili ni imara, lakini ina vituo 4 na sahani yake huzungushwa kwa mkono: ukisahau kuizungusha ukavuta tena, ganda lile lile hutiwa baruti mara mbili. XL 750 hujizungusha yenyewe, na kati ya vituo vyake 5 kimoja hubaki kwa kifaa cha kukagua kimo cha baruti.

Mwanzoni pitisha ganda moja moja hadi mkono uzoee, ukipima baruti ya kila ganda kwa mizani. Funga taa ndogo inayomulika ndani ya ganda, vaa miwani ya kinga, na mezani pawe na kopo moja tu la baruti.

Presi itakwama, mara nyingi kwenye fataki. Usiulazimishe mpini, kwa maana fataki hulipuka kwa kugandamizwa. Ondoa maganda yote kwenye sahani, rudisha baruti yake kwenye kopo ilikotoka, kisha anza upya na sahani tupu, hata kama unaamini unakumbuka kila ganda lilifikia wapi.