Uliza Fundi: Ukuta Unaovimba, Maji ya Paa na Bustani ya Maji Chumvi

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka pwani, na karibu zote zinahusu maji: ama yameingia yasikotakiwa, ama yanapotea huku watu wakiyahitaji. Nimezifupisha kidogo ili zienee ukurasani.

*Shikamoo fundi. Nyumba yetu ipo Kigamboni, ya matofali ya bloku, tulihamia mwaka 2019. Ukuta wa sebule upande wa uani rangi inavimba na kupukutika, kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, na unatoka unga mweupe. Uani tumeweka pevingi, pamependeza sana. Ukuta tumeupaka upya mara mbili, lakini masika ikifika hali ni ileile. Fundi rangi anasema tununue rangi ya mafuta, ile nzito, itaziba. Bei ya ndoo imenishtua. Ninunue? – Mama wa Kigamboni*

Marahaba mwanangu. Usinunue. Hiyo fedha iweke, utaihitaji kwa kazi nyingine.

Ningefika kwako, sebuleni nisingeanza. Ningepita moja kwa moja uani nikaangalie hizo pevingi zimekaa usawa gani. Juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, fundi hulaza nailoni nzito nyeusi ambayo sisi tunaiita DPC. Kazi yake ni kuzuia maji ya ardhini yasipande. Bloku huvuta maji kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa, na nailoni ile ndiyo inayokata safari. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya DPC kwa sentimita 15 angalau. Sasa watu wakishahamia, huleta kifusi, wakamwaga mchanga, wakapanga pevingi juu yake, na ardhi inapanda mpaka inaipita nailoni. Maji ya mvua yanagusa ukuta juu ya kizuizi, yanaingia, yanapanda. Barua yako ilipotaja pevingi, hapo ndipo nilipoweka kalamu chini.

Pima hivi: fungua mlango wa uani, weka ubao mnyoofu kwenye sakafu ya ndani uutokeze nje, halafu pima kutoka chini ya ubao mpaka kwenye pevingi. Kwa nyumba zetu nyingi DPC iko karibu na usawa wa sakafu. Ukikuta pevingi zimekaribia sakafu, jibu umelipata.

Kuna kipimo kingine nakuomba ukifanye kabla hujamwita mtu, kwa sababu unyevu si wa aina moja. Kata nailoni angavu kama futi moja na nusu kila upande. Sehemu ya ukuta iliyo na unyevu ikwangue rangi, kausha uso wake, kisha bandika nailoni kwa utepe wa gundi pande zote nne, hewa isipite. Iache siku mbili. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, ni jasho la hewa ya ndani, na dawa yake ni madirisha. Na kama mabaka yametapakaa mpaka juu karibu na dari, mahali ambapo hakuna bomba wala bati linalovuja, basi shuku mchanga. Huku pwani wapo wanaojengea mchanga wa baharini bila kuosha. Chumvi yake huvuta unyevu wa hewa miaka yote, na nondo zikiwa karibu zinashika kutu.

Ikiwa ni pevingi, kazi inaanzia nje. Ng'oa mstari mmoja unaogusa ukuta, upana wa sentimita 30, chimba ushuke mpaka upate zile sentimita 15 chini ya DPC, kisha mwaga kokoto safi na usirudishe udongo. Hakikisha uwanja uliobaki unateremka kwenda mbali na nyumba. Hii unaweza kuifanya na kijana wa nyumbani kwa sururu na koleo.

Ndani, subiri mvua ziishe. Zima umeme kwenye meini swichi, vaa miwani, na ubomoe lipu yote iliyoharibika, uvuke alama ya unyevu kwa sentimita 30 kwenda juu. Ule unga mweupe ni chumvi. Ufute kwa brashi ya waya ukiwa mkavu, uzoe utupe nje. Usiuoshe kwa maji, maana chumvi itayeyuka irudi ndani ya tofali. Kisha acha ukuta wazi upumue. Najua haipendezi kukaa na sebule ya matofali matupu wageni wakija, lakini ukuta uliokunywa maji miaka kadhaa haukauki kwa wiki moja. Upe kiangazi kizima, Juni mpaka Septemba. Ukikauka, piga lipu ya saruji kipimo 1, chokaa 1 na mchanga wa mto 6, uimwagilie isikauke haraka, na usipake rangi kabla ya wiki 4. Rangi iwe ya maji, au chokaa yenyewe.

Rangi ya mafuta naikataa kwa moyo wote. Haizuii maji, inayafungia. Yakikosa pa kutokea kwenye kiuno yatapanda mpaka kifuani, na mwakani utaniandikia kuhusu ukuta mzima. Nimekulia Tanga, nimejifunza uashi kwenye nyumba za mawe za zamani, zile zilizojengwa kwa chokaa na boriti. Nyumba hizo zilisimama vizazi kwa sababu kuta zake ziliweza kukauka. Nyingi nilizoona zinaumwa zilianza kuumwa pale mtu alipozibandika lipu ya saruji tupu akidhani anaziimarisha.

*Nina bati upande mmoja wa nyumba, mita 8 kwa mita 5, na tangi la lita 1,000. Maji ya mvua yanamwagika tu. Je, gata naweza kufunga mwenyewe, na tangi litajaa kweli? – Baba wa Muheza*

Litajaa, kaka yangu, tena usiku mmoja tu wa mvua nzuri. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Paa lako ni mita za mraba 40 (pima upana wake ukiwa chini, usifuate mwinamo wa bati). Mvua ya milimita 25 ni lita 1,000. Toa kiasi kinachoruka na kupotea, unabaki na lita 800 hivi.

Gata ifungwe kwa uzi. Piga msumari mwisho wa juu wa ubao wa paa, mwingine mwisho wa chini, na ushuke sentimita 1 kwa kila mita 2, yaani kwa mita zako 8 ni sentimita 4. Vuta uzi, kisha funga vishikizo kuufuata, kila baada ya sentimita 60 hadi 90. Vikiachana zaidi ya hapo gata inabonyea katikati, maji yanatuama, na mbu wa dengi hawahitaji zaidi ya hilo. Dar es Salaam iliumia na ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Mdomo wa tangi uweke wavu uliokaza, na bomba la kumwagia ziada nalo wavu.

Maji ya kwanza yasiingie kwenye tangi. Yana vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Kabla bomba halijafika kwenye tangi, weka kiungo cha njia tatu na uteremshe bomba la inchi 4 lililozibwa chini. Mita 1 ya bomba hilo inabeba lita 8 hivi, kwa hiyo mita 2 na nusu zitashika lita 20 za mwanzo, zinazotosha paa lako. Likishajaa, maji masafi yanapita juu yake kwenda tangini. Kwenye kizibo cha chini toboa kitundu kidogo ili lijimwage lenyewe kabla ya mvua nyingine. Ya kunywa chemsha, hata yakiwa meupe namna gani.

Tangi likijaa lina uzito wa zaidi ya tani moja, kwa hiyo lisikae kwenye matofali yaliyopangwa kavukavu. Nimeona moja limelalia ukuta wa jirani. Na hilo bomba la ziada lipeleke kwenye migomba. Ukiliacha lidondokee ukutani, soma tena jibu la mama wa Kigamboni.

*Fundi, kisima chetu hapa Kunduchi ni cha maji chumvi. Mchicha unaungua kingo za majani, karoti na maharage hata hayakuota vizuri. Niachane na bustani? – Dada wa Kunduchi*

Usiachane nayo. Badilisha mazao na namna ya kumwagilia. Maharage, karoti na vitunguu havivumilii chumvi kabisa, vinunue sokoni bila kinyongo. Spinachi inavumilia vizuri kuliko mboga nyingi. Mchicha nao unaweza, ila mwanzo wake ndio mgumu: otesha miche kwa maji ya mvua au ya bomba, ikishapata nguvu ndipo uizoeshe maji ya kisima.

Mwagilia shinani, kamwe si juu ya majani, jioni au alfajiri. Maji machache kila siku ni mabaya, kwa sababu maji yanakauka na chumvi inabaki pale pale juu kwenye mizizi. Mwagilia kwa wingi kila unapomwagilia ili chumvi isukumwe chini, na kwa ajili hiyo tuta lako lazima lipitishe maji. Funika udongo kwa majani makavu ya mnazi au nyasi. Mbolea iwe samadi iliyooza barabara. Mbolea ya kuku mbichi ina chumvi yake na itaongezea mzigo. Masika yakija, acha matuta wazi yaoshwe.

*Mchwa wanakula fremu za milango Morogoro. Jirani kanishauri nipake oili chafu ya magari. – Msomaji wa Kihonda*

Hapana, tafadhali. Oili chafu ina sumu inayoweza kuleta saratani ya ngozi, inanuka ndani mnamolala watoto, na mchwa wanaotoka ardhini wataizunguka. Tembea nje ukiwa na tochi, utafute vijia vya udongo vinavyopanda msingini. Ukikuta, vunja kimoja katikati na urudi kesho: kikiwa kimezibwa upya, mchwa wapo kazini. Ondoa kuni, maboksi na udongo wa maua uliolundikwa ukutani, tengeneza bomba lolote linalodondosha, kisha mwite mtu mwenye leseni ya kupuliza dawa ashughulikie udongo kuzunguka nyumba. Fremu iliyokwisha kuliwa ibomoe baada ya hapo, na uweke mninga au mkongo.

Fremu mpya isigusane na ardhi mahali popote.