Nürburgring na utingo wangu wa miaka 16

Tangu nilipoweka picha ya gari letu dogo jekundu likiwa chini ya magofu ya ngome ya Nürburg, simu yangu haijatulia. Wazazi wenzangu tulioko huku Uingereza wanauliza jambo lile lile: na mimi nimpeleke kijana wangu Nürburgring, kule kwenye barabara ya mashindano ya magari Ujerumani? Mpeleke. Ila kaa kwanza nikusimulie, maana kuna mambo niliyafanya vizuri na kuna moja nusura litutoe roho.

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Tanga, makazi yangu Coventry. Gari ni Mazda MX-5 ya 2007, injini ya lita mbili, viti viwili, paa la turubai. Nililinunua kwa mtu kwa pauni 3,400 mwaka niliotimiza miaka 45, na kuna shoga yangu mmoja mpaka leo anaamini zilikuwa hasira za zamu za usiku. Ukweli ni kwamba baba yangu aliendesha lori Tanga–Arusha karibu maisha yake yote ya kazi, na ugonjwa wa magari nimeurithi kwake. Mwanangu naye kaurithi kwangu, kwa njia ya gemu.

Kwa asiyeijua, Nordschleife ya Nürburgring ni barabara ya kilomita 20.8 inayozunguka ndani ya misitu ya milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani. Ilifunguliwa 1927. Kona zake zinapita 70, inapanda na kushuka karibu mita 300, na Jackie Stewart, bingwa wa Formula 1, ndiye aliyeibandika jina la jehanamu ya kijani. Bingwa mwenzake, Niki Lauda, alipata ajali akaungua humo tarehe 1 Agosti 1976, na Formula 1 haikurudi tena kwenye mzunguko ule mrefu. Siku ambazo hakuna mashindano wala viwanda vinavyojaribu magari, hufunguliwa kama barabara ya kulipia: mwenye leseni halali na gari lililosajiliwa analipa, anapita. Mara nyingi siku za kazi ni jioni tu. Kalenda iko kwenye tovuti yao na hubadilika, kwa hiyo itazame kabla hujalipia chumba, kisha itazame tena asubuhi ya safari. Bei ya mzunguko nayo hubadilika kwa msimu, na wikiendi huwa juu zaidi.

Sasa bima. Naliweka hili mbele kwa sababu ndilo watu wanaloliruka. Soma mkataba wako wote, hasa yale maandishi madogo. Kampuni niliyokuwa nayo ilikuwa imeandika wazi kwamba Nürburgring haimo, na nisingepiga simu nisingejua. Nilihamia kwa dalali anayeshughulika na wapenzi wa magari, akanipa barua inayosema wazi kwamba nikimgonga mtu mwingine mle ndani watamlipa, ila gari langu mwenyewe ni shauri langu. Na si gari tu. Ukigonga zile reli za chuma za pembezoni, unalipia reli, unalipia brekidauni ya kukutoa, na bili inaweza kuongezeka ikibidi njia ifungwe kwa ajili yako. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nilijiuliza swali moja tu: gari hili likibaki Ujerumani kama chuma chakavu, mwezi ujao tutakula? Kama jibu ni hapana, nenda tu ukatazame. Kuna sehemu inaitwa Brünnchen, watu husimama kwenye kilima na kuona magari yakishuka na kupanda, na wala si aibu. Na usidhani utakodi gari la uwanja wa ndege ukaingie nalo. Mikataba hiyo hukataza. Pale Nürburg kuna wanaokodisha magari yaliyoandaliwa kwa kazi hiyo.

Makaratasi nitayapita haraka. Mwanangu ana pasipoti ya Uingereza, mimi bado nina ya Tanzania, kwa hiyo mimi ndiye niliyehitaji viza ya Schengen. Unaomba kwa nchi utakayokaa zaidi, yaani Ujerumani, ukiwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Anza mapema. Baba yake hakuja (anasema mgongo wake haukuumbwa kwa gari lile, na nadhani ni kweli), kwa hiyo aliniandikia barua ya kuniruhusu kusafiri na mtoto. Afisa wa Kifaransa pale Folkestone aliisoma yote, mstari kwa mstari, huku foleni ikirefuka nyuma yetu. Beba pia kadi halisi ya gari, stika ya UK, vizibao vya kung'aa viwili, pembetatu, na zile stika za taa za mbele ili usiwapofushe wanaokuja. Na sambusa za nyama usipoteze muda: kutoka Uingereza kuingia Ulaya huruhusiwi nyama wala maziwa. Nilikaanga kachori.

Haya, utingo. Wenzetu wa Kenya husema tanboi. Gari la Uingereza lina usukani kulia, na ukivuka tu unaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva umekaa ukingoni, huoni vizuri kinachokuja kushoto kwako. Mashine za maegesho, vizuizi vya kuinuka, vyote viko kushoto, upande wa abiria. Nilimwambia kijana kabla hatujatoka: wewe si abiria, wewe ni utingo, kama wale wa babu yako. Kazi yake ilikuwa kuangalia kushoto ninapotaka kuhama njia, kupokea tiketi, kupima upepo wa tairi asubuhi, na kujua kifaa cha kufungulia zile nati za kuzuia wezi kiko wapi, maana gari hili halina spea tairi, lina chupa ya dawa ya kuziba na pampu tu. Mtoto ambaye nyumbani humwita mara tatu ndipo akajibu, aligeuka mtu mwingine. "Safi, Mama." "Bado, lori." "Safi." Kutoka Calais hadi Liège sijui alisema "safi" mara ngapi.

Tulitoka Coventry saa kumi alfajiri. Treni ya kubeba magari inachukua dakika 35 chini ya bahari, unakaa humo humo ndani ya gari lako, unakula kachori. Ukitoka unapeleka saa mbele kwa saa moja. Halafu ni barabara kuu ya E40: Gent, ile barabara inayozunguka Brussels (hapo usiongee na dereva), Leuven, Liège. Ufaransa mwisho ni 130 kwa saa, 110 mvua ikinyesha. Ubelgiji ni 120. Gari la chini kama hili mvua ikinyesha ni mtihani, malori yanakumwagia maji usoni mpaka unaendesha kwa kukumbuka. Pumzika kila baada ya saa mbili. Mtoto atasema hajachoka; unayeendesha ni wewe.

Baada ya Liège usikimbilie Ujerumani. Njia inapita jirani kabisa na Spa-Francorchamps, uwanja wa mashindano ya magari wa Ubelgiji, na kuna kitu cha bure pale ambacho wengi hukipita bila kujua. Uwanja wa sasa ni wa kilomita 7, lakini mpaka 1978 walikimbia kwenye barabara za kawaida za kijijini, kilomita 14 hivi, zikipita karibu na Malmedy na Stavelot. Barabara zile zipo na zinatumika. Tulifungua paa, tukapita Masta, kipande cha njia ile ya zamani, taratibu kwa mwendo wa sheria nyuma ya trekta la nyasi, na kijana akawa anatazama zile nyumba zilizobanana na barabara. "Walikuwa wanapita hapa kwa kasi ile? Mbele ya milango ya watu?" Kimya. Kisha akaanza kuniuliza kuhusu babu yake, kama aliwahi kupata ajali. Aliwahi, karibu na Korogwe, mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tano. Sikuwahi kumsimulia. Nilimsimulia yote, mpaka Sankt Vith.

Kesho yake, Jumatano jioni, ikawa zamu ya Nordschleife. Kabla ya kwenda nilikuwa nimempa fundi wangu kazi moja isiyo na mjadala: badilisha mafuta ya breki. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani mwaka hata mwaka. Yakipata joto la kona 70, ule unyevu unachemka, unageuka mapovu, na povu hubonyea. Unakanyaga pedali, inazama mpaka sakafuni. Pedi nazo ziwe nene. Na ukitoka mzungukoni usivute hendibreki, kwa sababu pedi za moto zinang'ang'ania diski; acha gari kwenye gia.

Kijana alikuwa anaijua njia kichwani. Ameiendesha kwenye gemu mamia ya mara, kila kona na jina lake. Aligusa kadi ya mizunguko kwenye mashine (upande wake, bila shaka), kizuizi kikainuka, na ndani ya dakika mbili akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kwenye gemu hakuna mlima." Hilo ndilo ambalo skrini haimwambii mtu: unafika juu ya kilima unaona mawingu tu, na barabara iko mahali fulani chini yake.

Kosa langu sasa. Tulikuwa tumetoa kila kitu kwenye gari, buti tupu, mabegi tumeyaacha nyumba ya wageni. Nikasahau kichupa cha maji kwenye mfuko wa mlango wangu. Aremberg ni kona kali ya kulia. Vitu vyote hutupwa kushoto, na kile kichupa kikaruka mlangoni kikaangukia miguuni mwangu. Baada ya Aremberg kuna Fuchsröhre, mteremko mkali unaonyooka kama mfereji. Nikakisikia kikibingirika kuelekea kwenye pedali. Mle ndani huruhusiwi kusimama, na hata ungeruhusiwa usingethubutu. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikawasha indiketa ya kulia, nikabana kulia. Kijana akageuka nyuma: "Porsche mbili. Kaa hapo hapo. Ya kwanza imepita. Bado moja." Nikakisukuma kichupa kwa kisigino cha mguu wa kushoto mpaka kikaingia chini ya kiti, nikakibana na mguu hapo. "Imepita. Safi." Nilikuja kuvuta pumzi mbele zaidi, sehemu inayoitwa Breidscheid. Kwa hiyo wewe kagua mifuko ya milango, chini ya viti, kila tundu. Kagua wewe, kisha mwambie utingo akague nyuma yako.

Mengine ya kuendesha mle ni machache. Kioo cha nyuma kina kazi kuliko cha mbele. Mwenye kasi atakupita kushoto, mpishe, usishindane naye. Wenyeji wanaijua njia ile kama wewe unavyoijua njia ya kwenda bafuni usiku. Karussell, ile kona ya zege iliyoinama, itakutikisa meno, ingia taratibu. Mvua inaweza kuwa inanyesha upande mmoja wa mzunguko na upande wa pili kuna jua. Sijui tulitumia dakika ngapi, na kupima ni marufuku.

Nilikuwa nimenunua mizunguko minne. Tulimaliza wa pili, tukasimama kwenye maegesho, breki zinanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, na hapo njia ikafungwa. Ajali. Tulikaa karibu saa nzima tukila kachori za mwisho. Kisha brekidauni ikatoka na gari la milango miwili mgongoni, upande mmoja umekunjika kuanzia taa hadi mlangoni. Nyuma yake alikuja dereva kwa miguu, mzima, kashika kofia yake tu. Kijana alimfuata kwa macho mpaka alipotokomea. "Atalipa yeye yote ile?" Nikamweleza kuhusu reli, brekidauni, ile barua yetu ya bima ilivyosema. Sikumficha kiasi tulichonacho benki. Akafikiri. Njia ilipofunguliwa, watu wakawasha magari, nikamtazama.

"Mama, mbili zinatosha. Twende tukatembee mpaka kule kwenye ngome."

"Sawa, baba."

Jua lilikuwa bado lipo tulipopanda. Ndipo nilipopiga ile picha.

Usiku ule alimtumia babu yake ujumbe wa sauti Tanga, wa dakika kama sita, Kiswahili chake cha kuungaunga, akimweleza kona zote na kwamba yeye ndiye alikuwa utingo. Jibu lilikuja asubuhi tukiwa tunapakia mabegi. Mzee alicheka kwanza, akakohoa, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya kudai maelezo: "Sasa mmeenda mpaka Ujerumani, mlipeleka mzigo gani?"

Kijana akamjibu kwamba hatukupeleka mzigo wowote.

"Gari tupu? Kwenda na kurudi?"