Anayeimba kwenye "Clarity" ni nani?

Mkuu, hiyo sauti ya kike kwenye wimbo "Clarity" wa Zedd si ya Zedd mwenyewe. Zedd ni mwanaume, prodyuza aliyezaliwa Urusi akakulia Ujerumani, na kabla ya kuvuma alikuwa anapiga dramu kwenye bendi ya metali. Anayeimba ni Foxes, dada wa Southampton, Uingereza, jina lake halisi Louisa Rose Allen.

Kuchanganyikiwa ni rahisi. Kwenye progresivu hausi, yaani aina ya muziki wa dansi wa kielektroniki kama huu, jina la kwanza ni la aliyetengeneza biti, mwimbaji anaandikwa kama aliyeshirikishwa. Huku kwetu kwenye Bongo Fleva ni kinyume: prodyuza akitajwa mwanzoni mwa wimbo basi kabahatika! Ila Foxes hakutoka mikono mitupu. Singo ilitoka 2012, na Januari 2014 ikawapa wote wawili Grammy ya rekodi bora ya dansi.

Kuutunga, hapana, hakuutunga yeye. Zedd aliuandika na Matthew Koma, Porter Robinson na Skylar Grey. Kwangu mimi lakini, bila ile sauti yake kwenye kiitikio wimbo ungekuwa biti nzuri tu ya klabu.