Nyanya za elfu moja nizifunge na nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nauza nyanya, vitunguu na dagaa Soko la Majengo hapa Dodoma. Mteja akinunua fungu la elfu moja anataka na mfuko wa bure. Ukimwambia mfuko unauzwa, anahamia meza ya jirani. Sasa wengi tunatumia vile vifungashio laini vinavyoonyesha ndani. Juzi mgambo wamepita, wamemchukulia mwenzangu pakiti zote, na duka la jumla tunakonunua liko wazi. Vimekatazwa kweli au tunaonewa?
Muuza nyanya, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kumnyang'anya mwenye meza na kumwacha anayemuuzia kwa jumla ni uonevu, nalisema bila kumung'unya. Ila kwa namna mnavyovitumia, ndiyo, vimekatazwa.

Kanuni zilizoanza kutumika Juni 1, 2019 zilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Zikaruhusu plastiki ya kufungashia vitu kama dawa, bidhaa za viwandani, vyakula vilivyosindikwa na pembejeo za kilimo. Ujanja ukapenya hapo. Karanga zikifungwa kiwandani, kifungashio ni halali. Kifungashio hichohicho ukikitia nyanya, mteja akakining'iniza mkononi hadi Chang'ombe, hiyo ni rambo tu, mfuko uleule wa kubebea uliokatazwa. Anayekutwa akitumia, faini ni shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Kwa mzalishaji na mwingizaji, faini inaanzia milioni 20. Ona mwenyewe sheria ilitaka mzigo umwelemee nani.

Mimi ni daktari wa mifugo, nimekagua nyama machinjioni miaka mingi, na msimamo wangu umetoka huko. Kiangazi chetu ni kirefu, majani yanakwisha, mvua tunaingoja hadi Desemba. Ng'ombe na mbuzi wanahamia majalalani. Mfuko uliobeba dagaa una chumvi na harufu ya chakula, basi anaumeza mzima. Ukipasua lile tumbo kubwa unakuta bonge la mifuko iliyosokotana na majani, jeusi, linanuka, unalivuta kwa mikono miwili na bado linagoma kutoka. Haliyeyuki, wala halipiti kwenda mbele. Mnyama anajiona ameshiba huku anakonda. Mfugaji wa Bahi au Chamwino anadhani ni minyoo, ananunua dawa, anaita mtu wa sindano, ng'ombe anazidi kushuka, mwisho anampeleka mnadani na kumuuza kwa bei ya kutupa. Hela hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya mtoto. Jambo hili linaniuma mno, kwa sababu dawa yake haipo kwenye chupa yoyote ninayoweza kumwandikia.

Turudi mezani kwako. Nyanya na vitunguu havihitaji kufungwa. Mimina moja kwa moja kwenye kikapu cha mteja, na anayekuja na kikapu chake mwongeze nyanya moja, atarudi. Mifuko mbadala iuze kwa bei uliyonunulia, usitafute faida hapo. Chagua yenye alama ya TBS, Shirika la Viwango, na uzito wa GSM 70, yaani gramu 70 kwa mita moja ya mraba, maana ile myembamba inachanika kabla mtu hajafika stendi. Na wakumbushe wateja waitunze: inafanana na kitambaa, lakini mingi nayo ni plastiki. Dagaa wakavu wafunge kwa karatasi ya khaki, si gazeti lenye wino. Samaki wabichi, mteja aje na bakuli au ndoo yake.

Peke yako hutaweza, hilo nakubali. Jirani akiendelea kutoa bure, wateja watakukimbia. Kaeni wote wa safu yenu, mkubaliane kuacha vifungashio hivyo kwa siku ileile, kisha mwende pamoja kwa mwenyekiti wa soko. Mkifika kwake mtajieni na duka la jumla mnakonunua, lilipo na siku linaposhusha mzigo.