Usikipige msasa kitako cha bunduki

Juzi kijana wa Nyakato kaniandikia: "Shikamoo fundi. Nina kitako cha shotigani ya marehemu babu, nakshi ya pale pa kushikia imelika. Nipige msasa?" Nusura nimpigie simu usiku ule ule. Usipige! Mimi niliwahi.

Enzi hizo nina kibanda Igogo, natengeneza vitanda na milango. Mzee mmoja mwenye leseni yake akaniletea kitako, mbao tupu, chuma kakiacha nyumbani. Mti wa jozi, umekuwa mweusi kwa jasho la mikono. Ile nakshi, yaani mistari ya kukatana inayotoa vijialmasi vyenye ncha, ilikuwa imesagika hadi kiganja kinateleza. Nikajiona fundi. Nikashika tupa ya pembe tatu, kila mstari nauzamisha kwa mkupuo mmoja. Wa tano ukaruka mpaka wa nakshi, ukachana mbao safi kama ukucha wa paka. Kuficha aibu nikapiga msasa, nikafuta hata ile michache iliyobaki ya kuniongoza. Mzee akakitazama, akakifunga kwenye kanga: "Kumbe Mwanza hakuna fundi." Akakipeleka Arusha. Neno lile linaniuma mpaka kesho.

Mwezi uliopita nimemaliza kingine. Mwenyewe alipitisha kidole gumba, akanyamaza, akaongeza hela.

Haya sikia. Anza na mswaki na asetoni, uchafu utoke mpaka uone sakafu ya mfereji wa kila mstari, la sivyo unachonga nongo tu. Halafu tupa ndogo, ncha imepindwa kwa moto, ufuate mfereji wa zamani kwa mikato mifupi, kidogo kidogo. Maliza mistari yote ya mwelekeo mmoja kabla ya kugusa ile inayoikata, kisha rudia, mara tatu, nne. Ukikaribia mpaka, geuza ukate kuelekea ndani. Taa ikae ubavuni ili vivuli vikuonyeshe. Umeme ukikatika, lala. Inchi moja yaweza kuwa na mistari 18 au 20, ukikohoa tu umeruka. Polepole. Nasema tena, polepole.

Vijana mnataka kazi iishe kabla kivuko cha Kamanga hakijarudi! Mimi sehemu mbili ndogo zilinila jioni tisa. Mwisho mafuta ya kitani, machache, kwa mswaki mwingine. Yakigandia mferejini umerudi mwanzo.

Yule mzee bado yupo, tunakutana Kirumba, namwamkia, anaitikia. Kitako hajawahi kukitaja, nami sijamuuliza Arusha walimtoza ngapi.