Maswali kwa Fundi: Kabla hujanunua betri ya tatu

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina pikipiki ya silinda mbili ya mwaka 1986 aliyoniachia marehemu baba. Injini haina neno, ila umeme umenishinda. Nilinunua betri mpya, ikafa baada ya wiki mbili. Nikanunua nyingine, ikawa vilevile. Nikaambiwa ni rekitifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri na kuudhibiti usizidi, nikabadilisha, hakuna nafuu. Usiku nikiwasha indiketa, taa za dashibodi zinafifia na kurudi sawia na indiketa, na taa kubwa inakuwa nyekundu kama kaa. Sasa naambiwa ninunue koili za chaji, zile zinazozalisha umeme ndani ya injini. Nimechoka, lakini kuiuza siwezi. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni hiyo indiketa inayovuta taa za dashibodi. Pikipiki yako inakueleza inapoumwa, ila waliokushauri hawakuisikiliza.

Umeme hauishii kwenye taa. Unatoka chanya ya betri, unapita fyuzi na swichi, unaingia kwenye taa, kisha lazima urudi hasi. Njia ya kurudi ni bodi yenyewe, yaani fremu na injini, pamoja na nyaya chache zilizofungwa humo kwa skrubu. Ndiyo arthi. Kwa kawaida Honda hutumia waya wa kijani, Yamaha mweusi, Suzuki mweusi wenye mstari mweupe, na Kawasaki mweusi wenye mstari wa njano. Skrubu hizo zina karibu miaka arobaini ya mvua na vumbi. Pengine fremu iliwahi kupigwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Njia ya kurudi ikiziba, umeme wa indiketa hutafuta uchochoro kupitia taa jirani, ndipo unaona dashibodi inapepesa.

Sasa tafuta mita ya kawaida tu ya kupimia umeme. Chaji betri kwa chaja ya nje mpaka ijae, iache ipumzike saa kadhaa, halafu pima. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.8. Ikiwa inasoma 12.0 baada ya kuchajiwa, imeshaumia, na hakuna kipimo kingine utakachokiamini ukiwa nayo. Azima nzuri. Washa injini, panda mpaka mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika, taa kubwa ikiwa inawaka, na mita ikiwa juu ya nguzo za betri. Unatafuta 13.5 hadi 14.5. Ukipata 12 na kitu, chaji haifiki. Ukipata zaidi ya 15, betri inapikwa, na betri inayopikwa nayo hufa mapema. Hukuniambia kama ulipimiwa hivi hata mara moja, na nina wasiwasi hukupimiwa.

Chaji ikiwa ndogo, usikimbilie koili. Hapa ndipo fedha nyingi za watu hupotea, na mimi mwenyewe niliwahi kumbadilishia mteja rekitifaya mbili mfululizo kabla ya kukubali kuinama na kutazama soketi moja ya plastiki iliyofichwa nyuma ya betri. Ilikuwa imegeuka kahawia kwa joto. Tangu hapo sifungui kifaa kabla ya kupima njia zake. Kipimo chenyewe ni hiki: injini ikiwa inazunguka na taa zinawaka, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, na nyingine kwenye waya wa chanya unaotoka kwenye rekitifaya. Kisha fanya hivyo upande wa pili, kutoka hasi ya betri hadi waya wa arthi wa rekitifaya. Unapima volti zinazopotea njiani. Ikizidi 0.2 au 0.3, kuna kutu, soketi iliyoungua au waya uliokatika nusu. Sogeza ncha hatua kwa hatua mpaka uone namba inaporuka. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Utaambiwa: "Waya huo ni mzima, nimeupima, mita imelia." Mlio huo, unaosema tu kwamba njia ipo, usiuamini. Waya wenye nyuzi thelathini ukibakiwa na uzi mmoja, mita italia vizuri kabisa, maana mita hupitisha umeme kidogo mno. Lakini ubebeshe kazi ya taa kubwa au ya stata, uzi huo mmoja utashindwa. Waya unapimwa ukiwa kazini. Kwa sababu hiyohiyo pima pia wakati wa kupiga stata, kati ya hasi ya betri na chuma kitupu cha injini. Mita ikipanda kupita 0.3, waya mnene wa arthi ufunguliwe, usuguliwe mpaka chuma king'ae, upakwe grisi kidogo na ukazwe.

Jambo moja la pikipiki za umri wa yako, na wengi hawalijui: baadhi ya rekitifaya zina waya mwembamba wa ziada unaopokea umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Kazi yake ni kuijulisha rekitifaya betri ina volti ngapi. Swichi ikichakaa ndani, waya huo hupeleka taarifa pungufu. Rekitifaya inadhani betri ina njaa, inaongeza chaji, betri inachemka. Mtu anabadilisha betri, anabadilisha rekitifaya, na kumbe dawa ilikuwa kusafisha swichi. Kama yako inasoma zaidi ya 15, anzia hapo.

Koili zenyewe ndizo za mwisho. Kwenye pikipiki nyingi za rika hilo kuna nyaya tatu, mara nyingi za njano, zinazotoka kwenye injini. Zima injini, chomoa soketi yake, weka mita kwenye kipimo cha mlio, gusisha kati ya kila waya na chuma cha injini: kusiwe na njia kabisa. Kukiwa na njia, koili imegusa bodi, na hapo nitakubali ununue. Kisha weka mita kwenye volti za AC, yaani mkondo geu, washa, shikilia mizunguko mahali pamoja, pima jozi zote tatu. Namba kamili iko kwenye kitabu cha pikipiki, lakini jozi zote zinapaswa kufanana. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, koili imekufa. Usiache mkono kwenye nyaya hizo injini ikizunguka, zinaweza kutoa volti 50 na zaidi.

Na kama chaji iko sawa kabisa lakini betri bado inalala usiku na asubuhi haina kitu, zima ufunguo, fungua waya wa hasi, weka mita ya ampia kati ya waya huo na nguzo. Pikipiki ya zamani isiyo na alamu inapaswa kusoma sifuri au karibu yake. Ikisoma zaidi, chomoa soketi moja moja mpaka ishuke. Mita ikiwa imekaa hapo usiguse stata, utaunguza fyuzi yake.

Naomba uniandikie namba ulizopata. Pikipiki ya mzazi haiuzwi kwa ajili ya skrubu yenye kutu.

SWALI: Fyuzi yangu hukatika kila nikikata kona ya kushoto. Nimeizungushia karatasi ya fedha ya sigara ili nifike kazini. Ni hatari?

JIBU: Ni hatari kubwa. Iondoe leo kabla hujaiwasha tena. Fyuzi imewekwa ife yenyewe ili waya usiungue, na waya huo unapita chini ya tangi la petroli.

Kosa lako nadhani liko kwenye shingo ya usukani, ambapo nyaya hupinda kila unapokata kona mpaka ngozi yake inachanika na kugusa fremu. Usiendelee kuunguza fyuzi kulitafuta. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishe na nyaya mbili, uiweke mahali pa fyuzi. Balbu hiyo haipitishi hata ampia 2, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Zima taa zote, fungua ufunguo, geuza usukani polepole. Inaweza kuwaka kwa ufifi, hiyo ni kawaida. Ikiwaka kwa nguvu zote, simama hapohapo, shika nyaya moja moja na uzisogeze hadi ififie. Utakapoupata usiufunge kwa tepu tu. Kata palipooza, unga kwa risasi, uvike mpira unaobana kwa joto, na uache ulegevu wa kutosha usukani ugeuke pande zote mbili bila kuuvuta.

SWALI: Nimenunua pikipiki kuukuu ya Uingereza. Betri imefungwa kinyume, chanya ndiyo iliyo kwenye bodi. Niigeuze?

JIBU: Hapana, haijakosewa. Pikipiki nyingi za Uingereza za zamani zilitengenezwa hivyo, chanya ikiwa ndiyo arthi. Ukigeuza betri bila kubadili vingine unaweza kuua rekitifaya papo hapo. Balbu za kawaida hazijali upande, lakini taa za LED na chaja za simu zinajali, hivyo usifunge chochote cha kisasa kabla ya kusoma mchoro wa nyaya. Andika kwa kalamu nene kwenye kiboksi cha betri: CHANYA KWENYE BODI. Fundi atakayekuja baada yako atakuwa amezoea hasi.