Zinki Kati ya Tabaka za Vanadi

Swali: Kwa nini kathodi (ncha chanya ya betri) ya oksidi ya vanadi, yaani metali ya vanadi iliyoungana na oksijeni, ambayo tabaka zake zina nafasi, hupoteza upesi uwezo wa kuhifadhi umeme katika betri ya zinki?

Jibu: Nafasi ipo, lakini ioni ya zinki (chembe ya zinki yenye chaji) hubeba chaji mbili, hivyo huvutwa kwa nguvu na oksijeni ya tabaka na kupita kwa shida. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha kathodi yenye zinki kidogo na maji yaliyokwisha kuwekwa kati ya tabaka: zinki huzishikilia kama nguzo, maji hupunguza mvuto, na zaidi ya asilimia 80 ya uwezo ilibaki baada ya mizunguko 1,000 ya kuchaji na kutumia. Kinachosumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni vanadi kuyeyuka katika maji ya betri, hasa betri inapochajiwa polepole.